Sumaku, Mzee na Gari la Viti Viwili

Sumaku ilianguka. Nikaiokota, nikaipangusa vumbi, nikaibandika tena kwenye boneti. Ikateleza taratibu, ikaanguka tena. Mwenye gari, mzee aliyekwisha kustaafu, alikuwa amesimama pembeni mikono nyuma, anatazama bila kusema kitu.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ukitaka kujua kama gari limewahi kugongwa, chukua sumaku ndogo, ile ya kubandikia karatasi kwenye friji, uipitishe kwenye bodi. Ikigoma kushika, ujue chini ya rangi hakuna bati, kuna puti. Sasa boneti nzima imegoma. Nikahamia fenda ya kushoto, ikagoma. Fenda ya kulia, vilevile. Mlango ukashika, tena kwa nguvu. Mlango wa buti ukagoma. Mazda MX-5 lenye kilomita 11,400 tu, linalong'aa kama limetoka kiwandani jana, na mbele yote ni puti! Moyo ukanishuka mpaka kwenye viatu.

Nikamvuta pembeni fundi niliyekuja naye. "Fundi, hili gari lilipinduka."

Fundi alicheka mpaka akashika magoti. "Bosi, hiyo ni aluminiamu. Boneti, fenda za mbele, mlango wa buti, vyote aluminiamu, wamepunguza uzito. Weka sumaku yako mfukoni kabla mzee hajatufukuza."

Nikaiweka mfukoni. Mpaka leo ipo kwenye kisanduku cha gari, na kila nikiiona natabasamu peke yangu.

Miezi minne kabla ya siku ile nilikuwa mtu mzima mwenye akili zake, mwenye gari la milango mitano linalobeba watu, magunia na godoro ikibidi. Sikuwa na shida na gari. Ila kuna ugonjwa unaompata mtu akishaanza kutazama picha za magari ya spoti usiku. Unaanza na picha, unaenda kwenye video, halafu unajikuta unajua uzito wa magari ambayo hujawahi hata kuyagusa. "Baba watoto," mke wangu aliniambia usiku mmoja, "unachati na nani saa saba hii?" Nikamgeuzia simu. Ilikuwa picha ya giaboksi. Nadhani angekuta mwanamke angeelewa haraka zaidi.

Gari lililoniingia kichwani ni hilo MX-5. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, likiwa limerudisha kitu ambacho wakati ule kilikuwa kimekaribia kupotea: gari dogo, jepesi, la viti viwili, paa linafunguka, injini mbele na nguvu magurudumu ya nyuma. Mwaka 2016 walitimiza magari milioni moja. Wajapani waliolitengeneza wana msemo wao, jinba ittai, yaani farasi na mpanda farasi kuwa kitu kimoja. Niliposoma hilo nilidhani ni maneno ya kuuzia. Nilikuja kulielewa baadaye, nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu farasi yule alikuwa tayari, na mpanda farasi ndiye aliyekuwa na kasoro.

Ninalozungumzia hapa ni lile la injini ya lita 2, toleo walilolifanyia marekebisho mwaka 2018, nguvu ikapanda kutoka farasi 160 hadi 184. Farasi 184 siku hizi si habari kubwa, magari mengi ya kupeleka watoto shule yanazo. Lakini hapa zinavuta tani moja na ushee tu. Uzito ndio siri yenyewe. Gari jepesi halihitaji injini kubwa, halihitaji breki kubwa, halihitaji tairi pana, na kila kinachopungua kinapunguza kingine.

Jipya kabisa sikulitaka, na si kwa sababu ya unyenyekevu. Gari jipya hupoteza thamani haraka kuliko wakati wowote katika ule mwaka wa kwanza, na mimi nilitaka mtu mwingine aubebe huo mzigo. Lililochoka nalo niliogopa. Magari ya aina hii hupita mikononi mwa vijana wenye haraka, na kila mkono huacha kitu. Waswahili walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi nikatafuta kinyemi kilichopitia mkono mmoja tu, tena mkono wa mtu mzima.

Ndipo nikampata mzee.

Fundi alikuwa amenipa masharti mawili kabla ya kwenda. La kwanza, mwenye gari asiliwashe kabla hatujafika. Injini ikishapata moto huficha mambo mengi. Sauti mbaya za asubuhi huondoka, moshi huondoka, betri iliyochoka huonekana nzima. Kwa hiyo tulipofika kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya salamu kwisha, ni kuweka kiganja kwenye boneti. Baridi. Akaniangalia, akatikisa kichwa kukubali. La pili lilikuwa langu mimi: "Usilipende kwanza. Likague kwanza. Ukishalipenda, kasoro utaziita tabia."

Sharti la pili nilishindwa dakika ile ile. Gari lilikuwa jekundu, lile jekundu lao lenye kina, ambalo kwenye kivuli linakuwa kama divai na juani linakuwa kama kaa la moto. Lilikuwa fupi, kimo chake hakifiki hata kifuani kwangu. Nilipolizunguka mara ya kwanza sikuona kitu chochote, nilikuwa naona gari tu. Fundi ndiye aliyekuwa anaona.

Alichuchumaa kwenye tairi ya nyuma kushoto, akasugua ubavu kwa kidole gumba, akasoma namba nne za mwisho ndani ya kile kiduara kirefu: 1123. Akaenda tairi nyingine tatu: 4821, 4821, 4821. Kama hujui, namba hizo ni wiki na mwaka tairi ilipotengenezwa. Tatu zilitengenezwa wiki ya 48 ya mwaka 2021, moja wiki ya 11 ya mwaka 2023. "Mzee," akauliza bila kuinuka, "hii ilipata nini?"

"Msumari," mzee akajibu. "Pembeni kabisa, haikuzibika. Na gari hili halina tairi ya spea, lina chupa ya gundi na pampu ndogo ya upepo. Nilibebwa na gari la kuvuta mpaka nyumbani. Niliona aibu sana."

Jibu lilikuja bila kufikiri, na lilikuwa na aibu ndani yake, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Fundi hakuridhika. Akaniambia tairi mbili za nyuma lazima zibadilishwe pamoja. Moja ilikuwa na kina cha kama milimita 6, mwenzake kama 3, na kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lenye difu (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili) inayojibana, hutaki tairi mbili zenye tabia tofauti. Nchi nyingi zinaruhusu mpaka milimita 1.6, kwa hiyo kisheria haikuwa na neno. Mzee akapunguza bei kidogo kwa ajili hiyo. Mimi nikachukua punguzo na kuahidi kununua tairi wiki ileile. Ahadi hiyo tutairudia.

Kisha likaja swali ambalo nilifundishwa kuuliza na kunyamaza: kwa nini unaliuza?

Mzee hakujibu kwa mdomo kwanza. Alifungua mlango, akaingia. Kuingia kwenyewe kulikuwa kazi: alikaa kwanza, miguu nje, halafu akaivuta ndani mmoja baada ya mwingine. Akashika usukani, akatazama mbele kidogo. Halafu akaanza kutoka. Aliweka mkono wa kwanza kwenye kizingiti cha mlango, wa pili kwenye ubavu wa siti, akajisukuma, akakwama katikati, akapumua, akajisukuma tena. Aliposimama wima uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Nyonga," akasema.

Akatusimulia. Mwaka ule wa 1989 aliona picha yake kwenye gazeti. Watoto walikuwa wadogo, nyumba haijaisha. Akajiambia, siku moja. Siku moja ikachukua zaidi ya miaka 30. Alipostaafu akalinunua, jipya, akaliendesha miezi kumi na sita, na nyonga ikakataa. "Nilikuwa na mguu nikakosa pesa. Nikapata pesa, nikakosa mguu." Alisema hivyo bila kujihurumia, kama mtu anayekusomea hali ya hewa.

Mtu anaweza kukudanganya kwa simulizi nzuri, na wauza magari wana simulizi nzuri kuliko wote. Lakini gari lilikuwa shahidi wake. Kwenye kizingiti cha upande wa dereva plastiki ilikuwa imesuguliwa mahali pamoja, pana kama kiganja, pale pale alipoegemea. Ubavu wa siti yake ulikuwa umelegea kidogo upande wa nje. Siti ya abiria ilikuwa haina hata kunyanzi. Fundi aliviona kabla yangu, akanionyesha kwa jicho.

Akanipa funguo. Nilibonyeza kitufe na gari likawaka, na kwenye kioo cha dashibodi yakatokea maandishi: linatafuta Simu ya Babu. Mzee akacheka. Mjukuu wake ndiye aliyeunganisha simu na kuipa jina hilo, na yeye hakuwahi kujua namna ya kulibadilisha.

Nilizimisha gari mara tatu kabla ya kufika getini. Mara tatu! Mtu niliyeendesha miaka mingi, tena gari la gia za mkono. Klachi ilishika juu kuliko nilivyozoea na mguu wangu ulikuwa unatetemeka. Mzee, aliyekuwa amekubali fundi abaki ili yeye akae pembeni yangu, hakunicheka. "Taratibu, kijana. Lina haraka, lakini halina ugomvi."

Mara ya nne likaondoka. Tulipofika barabara iliyonyooka akaniambia nifungue paa. Kuna komeo moja tu katikati, juu ya kioo cha kutazamia nyuma. Unalivuta, unasukuma kitambaa nyuma kwa mkono mmoja mpaka kinajifunga kwa sauti ya "ta!" Hakuna mota, hakuna kusubiri. Upepo ukaingia, na pamoja nao harufu za nje, na mlio wa injini ambao mpaka dakika ile nilikuwa nausikia kwa mbali. Gia fupi, unaitia kwa kifundo cha mkono tu, bega halisogei. Nikakanyaga mafuta gia ya pili. Mshale wa mizunguko ya injini ukapanda 4,000, 5,000, nikataka kubadilisha. "Bado," mzee akasema. 6,000. "Bado." Mlio ukawa mkali, 7,000, nywele za mkononi zimesimama. "Sasa."

Nikatazama mwendo. Ulikuwa wa kawaida kabisa. Mwendo ambao gari langu la magunia huupita bila mtu kugundua. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimenunua tayari, bado kulipa tu. Raha yote ile nilikuwa nimeipata bila kuvunja sheria hata moja.

Sasa makosa yangu, maana hayakuwa machache.

Nililipa kwanza, kisha nikapiga simu kuulizia bima. Usifanye hivyo. Magari ya aina hii hukadiriwa kivingine, na mtu wa bima alipotaja kiasi, nikanyamaza mpaka akadhani simu imekatika. Ilinibidi kulipa, gari lilikuwa limeshakuwa langu. Pesa ya tairi ikaenda huko. Halafu dhamana ya kiwanda: nilikuwa nimejipigia hesabu kuanzia siku niliyonunua mimi. Kumbe saa ilianza kuhesabu siku mzee alipolisajili. Miezi kumi na sita ilikuwa imeshaliwa. Imeandikwa wazi kwenye kitabu, ukurasa wa mwanzo, nami nilikisoma nikiwa nimeshalala nalo wiki moja.

Mke wangu naye alikuwa na swali moja tu, aliliuliza akiwa amesimama mlangoni: "Mizigo inakaa wapi?" Nikafungua buti kwa majivuno. Linameza mabegi mawili laini, basi. Akafunga mwenyewe, polepole, akaingia ndani ya nyumba. Jioni ile ile nilimpakia, paa wazi, tukaenda bila safari maalumu. Kurudi alikaa upande wa usukani.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ile mvua ya kwanza baada ya jua la siku nyingi, inayochanganyika na oili na vumbi la barabarani ikawa utelezi. Nilikuwa nimeshajiona dereva. Nikaingia mzunguko kwa gia ya pili, na wakati wa kutoka, usukani ukiwa bado umekatwa, nikakanyaga mafuta kama nilivyozoea kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele.

Nyuma kukaondoka. Siwezi kueleza kwa neno lingine. Ule uti wa mgongo uliokuwa umekaa kwenye siti ulihisi kabla ya macho: makalio ya gari yanaenda kwake, pua inatazama kwingine. Kwenye dashibodi ikawakawaka taa ya njano, ile yenye picha ya gari dogo na alama za nyoka nyuma yake. Gari lenyewe likapunguza nguvu, likashika breki gurudumu moja, likajinyoosha. Yote hayo labda sekunde moja na nusu. Mimi sikufanya chochote cha maana, niliondoa tu mguu, tena kwa woga, na hicho nacho si kitu unachotakiwa kukifanya ghafla.

Nikaegesha pembeni. Mikono ilikuwa inatetemeka kuliko siku ya klachi. Nikashuka kwenye mvua, nikaenda kuchuchumaa kwenye ile tairi ya nyuma kulia, ya wiki ya 48. Mifereji yake kina kifupi, maji yanang'aa juu yake. Mifereji ile kazi yake ni kuyapa maji njia ya kutokea chini ya tairi. Ikiwa mifupi, maji hukosa pa kwenda, na tairi inaanza kupanda juu yake. Kompyuta ya gari inaweza kugawa mshiko uliopo. Haiwezi kutengeneza usiokuwepo. Asubuhi yake nilikuwa wa kwanza dukani, nikanunua mbili. Fundi alipozifunga hakuniuliza kilichotokea. Alitazama tu matope kwenye magoti ya suruali yangu.

Baada ya hapo nilitafuta mafunzo ya udereva, siku moja tu, kwenye uwanja mpana uliomwagiwa maji, mwalimu pembeni. Kuanza kujifunza kuendesha upya ukiwa mtu mzima kunauma kidogo, halafu kunafurahisha. Nilijifunza kutazama ninakotaka kwenda badala ya ninachokiogopa. Nilijifunza kunyoosha usukani kabla ya kuongeza mafuta. Lile la farasi na mpandaji nikaanza kulipata, kidogo, kwenye kona moja kati ya tano.

Kuna jambo moja lilinisumbua. Siku ya kwanza nilipopekua kioo cha dashibodi nilikuta maisha ya mzee yote mle: mahali anapoishi kwenye ramani, majina ya watu wake na namba zao, nani alimpigia lini. Magari ya siku hizi yanakumbuka mno, na watu wanayauza na kumbukumbu zake zote. Nilifuta kila kitu, nikampigia kumwambia. Akashukuru, akauliza upepo wa tairi, akauliza kama naiacha injini ipate moto kabla ya kulivuta. Nikasema naiacha. Akauliza tena.

Lakini lile jina sikulifuta. Kila asubuhi nikiwasha, gari hutafuta kwanza Simu ya Babu, sekunde kumi hivi, halafu ndipo linakuja kwangu.

Mwezi uliopita nilimpitia. Alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa nyonga, anatembea na fimbo moja. Nilishuka kumfungulia mlango wa abiria, siti ile isiyo na kunyanzi. Alikaa kwanza, miguu nje, akaivuta ndani mmoja baada ya mwingine, akanikabidhi fimbo. Haikuingia kwenye buti, ikabidi tuiweke katikati yetu, ncha yake ikichungulia juu ya kioo cha mbele. Nikabonyeza kitufe. Kioo cha dashibodi kikaandika kinatafuta Simu ya Babu, na kabla hajamaliza kufunga mkanda, kikaipata. Simu yangu ikakosa nafasi.

Mzee akatazama maandishi yale, akatazama juu, akanyoosha mkono mpaka kwenye komeo.